Biashara ya Mtandaoni na Matanga ya Katito

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwezi wa pili huu nakaa nyumbani. Ofisi yetu ya kuuza tiketi za ndege ilifungwa Januari, tukapewa keki na barua. Keki ilikuwa nzuri. Tangu hapo nimewatangazia watu wote – kanisani, sokoni, hata mama anayenisuka – kwamba Milka anafungua biashara ya mtandaoni kabla ya Pasaka. Kitu kimoja tu sijawaambia: biashara gani. Sijui.

Gordon anajua. Kila siku anajua nyingine. Mume wangu anauza rangi za nyumba pale Kibuye, na naona wateja wakipungua anakaa akifikiria kwa niaba yangu. Jana ilikuwa vifuniko vya simu. Leo amekuja na kozi ya mtandaoni ya kufundisha watu kufanikiwa. Nikamuuliza kufanikiwa katika nini. Akasema hiyo tutaijaza baadaye.

Leo pia bosi wangu wa zamani amepiga simu. Ofisi yao ya Nairobi ina nafasi na ananitaka mimi. Nijibu kabla mwezi haujaisha. Nimemwambia Gordon akiwa anakula. Akasema ni jambo zuri sana, Nairobi ni mji mzuri. Kisha akaacha ugali nusu.

Gordon – ugali nusu!

Ijumaa, 7 Machi

Wazo la wiki: dera. Ni la Amirah, jirani yangu hapa Manyatta, rafiki yangu tangu tulipohamia. Shemeji yake wa Mombasa amemletea mzigo wa madera ya Idd, na yeye kwa saumu hana nguvu ya kutembeza nguo juani. Kwa hivyo mtandaoni. Laivu. Yeye aeleze, mimi nivae.

Tulianza jana baada ya futari. Simu tuliiegemeza kwenye mkebe wa unga. Nikavaa la zambarau, nikazunguka. La kijani, nikazunguka. Watazamaji watatu: Gordon, aliyekuwa chumba cha pili; Abeid mume wa Amirah, aliyekuwa msikitini na sidhani alipaswa kuwa anatazama; na bwana mmoja wa Mwanza. Huyo wa Mwanza hakuuliza bei hata moja. Aliuliza kama mwenye kuzunguka ameolewa. Kabla sijafungua mdomo Gordon akawa ameshaandika: AMEOLEWA. Kwa herufi kubwa. Mtazamaji wa tatu akaondoka.

Tumeuza dera moja. Nimelinunua mimi. Lile la zambarau.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika juu ya samaki. Naandika kwa kifupi.

Ijumaa nilichukua ngege wazuri kabisa pale ufuoni Dunga, wabichi, nikawapanga kwenye barafu, nikawatuma Nairobi kwa basi. Mteja wa kwanza wa "Samaki wa Milka": mwenzangu wa zamani wa ofisini, mtu mpole. Basi lilifika usiku, kesho yake yeye akawa na harusi, Jumapili ofisi ya mizigo imefungwa. Leo asubuhi amenitumia picha. Mfuko wangu peke yake katikati ya sakafu, mizigo mingine yote imesogezwa ukutani. Hakuandika neno.

Gordon alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaniambia kwa sauti ya mtu anayefariji kwamba angalau hawakupotea.

Amirah hakucheka, au alingoja niondoke. Alikuwa anakunja madera yake. Akaniuliza mbona kila wazo ninaloleta ni la mtu mwingine aliyefanikiwa nalo. "Wewe mwenyewe, dada, watu huja kukuomba nini?" Nikasema hawaniombi kitu. Akasema nifikirie, yeye hatanijibia.

Nimefikiria. Ofisini waliniomba tiketi. Na waliokuja wakilia waliniomba tiketi ya leo leo, ya kuwahi mazishi, na mara nyingi haikuwepo. Hiyo si biashara. Hiyo ni huzuni yenye kompyuta.

Jumatano, 12 Machi

Baba mdogo Owiti amefariki leo alfajiri, nyumbani Katito. Mama ndiye amenipigia. Amesema alikuwa ameomba uji, na ulipofika alikuwa ameshaenda.

Siandiki zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Mazishi ni Jumamosi ijayo. Ndugu yangu Calvince hawezi kuja. Makaratasi yake ya kukaa Kanada bado yako kwa watu wa uhamiaji huko. Akitoka kabla hayajaisha, harudi. Baba alipofariki tukiwa wadogo, Calvince alichukuliwa na baba mdogo, akalala nyumba yake, akavaa viatu vyake mpaka vikamtosha. Kwa kila maana ya neno, anayezikwa ni baba yake.

Nilidhani angelia. Aliongea kama anayeagiza chakula. Akasema, "Milka, usinitumie picha baadaye. Nionyeshe ikitokea."

Nimemwambia sawa. Gordon amejitolea kuwa mtu wa kamera. Amenunua stendi ndefu ya simu na amefanya mazoezi uani, akirekodi kuku wa jirani. Kuku wametoka vizuri.

Jumapili, 23 Machi

Tumerudi jioni hii. Mguu umevimba, sauti imeisha. Lakini niandike kabla haijachanganyika.

Tulifika mapema, tenti bado zinafungwa. Nilitembea kila kona ya boma nikitafuta mtandao, simu juu kama mtu anayebariki watu. Ulipatikana karibu na tanki la maji na, bahati nzuri, pembeni mwa kaburi. Hapo katikati, kwa wageni na chakula, ulikuwa unakuja ukijisikia.

Gordon alivaa suti ya harusi yetu. Suti haikufunga. Alishika stendi kwa mikono miwili, akasimama wima kama askari wa gwaride, na pasta alipoanza kuomba akafungua laivu. Tatizo ni kwamba alifungua kamera ya mbele. Jamaa zetu wote wa ng'ambo waliomba sala nzima wakitazama tundu za pua za Gordon. Sala ilipoisha Calvince akaandika: Amina, sasa geuza simu.

Baada ya hapo sikuamini. Binamu ambao sijawasikia miaka mingi wakaanza kuingia – Uingereza, Doha, mmoja yuko melini, sijui bahari gani. Wakawa wanasema mengi kwa kuandika kuliko sisi tuliokuwepo. Sogeza kulia, huyo mwenye kofia anaziba. Mbona Mama amekonda. Nani huyo analia kwa nguvu hivyo? Swali hilo nikalipeleka kwa wazee, na hata wao hawakumjua. Alikuwa mgeni wa matanga ya jirani, amekosea boma. Akaambiwa polepole. Akafuta machozi, akakubali soda, akabaki.

Na shangazi mmoja – sitamtaja hata hapa – alitia chapati kwenye mkoba wake. Uingereza iliona. Doha iliona. Hakuna aliyesema, lakini kulikuwa na vicheko vingi vya kuandikwa.

Halafu tukaenda kaburini.

Nilimnyang'anya Gordon simu. Calvince alikuwa ameuliza kama naweza kusogea, nikasogea mpaka viatu vyangu vikaingia kwenye udongo uliochimbwa. Walipoanza kushusha sanduku watu waliimba, ule wimbo wa Dholuo ambao baba mdogo alikuwa akiuanza yeye kila kikao cha kanisa, kila mara kwa sauti ya juu mno. Sauti ya simu nilikuwa nimeiacha wazi. Calvince akaimba pia.

Lakini mtandao ulikuwa unamchelewesha. Sisi tunamaliza mstari, yeye ndiyo anaufikia. Mwanzoni watu waligeuka kutafuta nani anaimba vibaya. Mama akaelewa kwanza. Alinyanyua mkono, wanawake wa mbele wakanyamaza, na waliobaki wakanyamaza nyuma yao. Tukawa tunaimba mstari, tunasimama. Sauti ya Calvince inakuja peke yake kutoka mkononi mwangu, imekwaruza, inamaliza. Ndipo tunaanza mwingine. Mpaka mwisho wa wimbo. Waliokuwa na sepetu walingoja pia.

Nilipoangalia Gordon, alikuwa ameufungua mdomo kama anataka kutoa wazo. Hakutoa.

Jumatano, 26 Machi

Simu hazikomi. Mwalimu mmoja wa Pap Onditi aliiona laivu kwa jirani yake. Mama yao atazikwa Ijumaa wiki ijayo na dada zake wawili wako Marekani – naweza kuja? Mwingine wa Kendu Bay. Na yule binamu wa melini anataka kujua kama naenda mpaka Siaya.

Nilimpigia Mama kumweleza kwamba huenda hii ndiyo biashara. Kimya. Nikadhani mtandao. Kisha akaniuliza kama nitakuwa naamka asubuhi nasoma matangazo ya vifo kama mwenye duka anavyosoma bei za unga. Akauliza nikimwona mzee anakohoa nitamsalimia vipi. Nimekasirika, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo mwenyewe na nilikuwa nimelikalia.

Jioni nikaenda kufuturu kwa Amirah nikiwa nimenuna. Gordon alikuwa ameshatangulia, anamweleza Abeid jina alilobuni: "Kwaheri Digital." Abeid, mtu wa adabu, akasema ni jina lenye nguvu. Amirah alikuwa na uji mdomoni. Ilibidi apigwe mgongo.

Alipopata pumzi, nikamwambia alichosema Mama. Hakunipinga wala hakumpinga Mama. Akasema mshona sanda naye ana watoto wa kulisha, na hakuna anayemchukia. Mtu huchukiwa akija kabla hajaitwa. "Wewe usijitangaze popote. Ngoja uitwe."

Biashara ya mtandaoni isiyojitangaza mtandaoni. Watu wa zile kozi za kufanikiwa wangezimia.

Mama amenipigia tena, saa moja tu imepita. Hakutaja jambo letu. Alitaka nimwonyeshe vile anaweza kuirudisha video mpaka pale kwa wimbo.

Jumapili, 30 Machi

Kesho ndiyo mwisho wa kujibu Nairobi.

Nimetoka kanisani nikakuta sanduku langu la safari kitandani. Gordon amelishusha kutoka juu ya kabati, amelipangusa, na ile zipu iliyoharibika tangu zamani ameitengeneza. Inateleza kama mpya. Miaka mingapi nimemwomba atengeneze zipu hiyo! Nikasimama mlangoni. Nikamuuliza kama ananifukuza.

Akasema hapana. Akasema hizi wiki zote ameniletea mawazo ya biashara kwa sababu hataki niende, na jana usingizi ulipompotea ameona kwamba huo si msaada, ni kizuizi kilichopakwa rangi. Yeye na rangi. Akasema hataki siku moja tukiwa wazee nimtazame nione mtu aliyenizuia.

"Unataka niende?"

"Sitaki. Lakini zipu inafanya kazi."

Nilikaa kitandani kando ya sanduku nikacheka, na kile kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akaja akakaa upande wa pili. Sanduku katikati. Tulikaa hivyo mpaka wali ukaungua.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimekula pilau ya Amirah kana kwamba nami nilifunga mwezi mzima. Alikuwa amevaa dera la kijani. Madera yote yameisha, amewauzia wanawake wa msikitini kwa mdomo tu, bila laivu, bila mtu wa kuzunguka. Ameniambia hivyo mbele ya watu wote.

Nilitoka nje kwenye ngazi nikampigia bosi. Nikamshukuru. Nikamwambia siji. Aliuliza kwa upole kama nimepata kazi nyingine. Nikasema nafungua biashara. Biashara gani, akauliza, na hapo nikakwama, maana neno la kuiita sina. Nikamwambia ni ya usafiri. Ya watu ambao hawawezi kusafiri.

Akasema hajaelewa lakini ananitakia heri.

Nikarudi ndani. Gordon alinitazama usoni, akajaza sahani yangu tena bila kuniuliza. Ya kwake alikuwa ameimaliza yote.

Alhamisi, 3 Aprili

Mwalimu wa Pap Onditi ni kesho, hiyo ni rahisi, familia yote inapendana mpaka inachosha. Ya Jumamosi ndiyo inanisumbua.

Amenipigia msichana anaitwa Aloo. Anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja huko Doha, tajiri wake hakumpa ruhusa. Baba yake anazikwa Ahero. Aliona laivu yetu kwa binamu yangu. Anaongea kwa kunong'ona, sijui anajificha wapi ndani ya nyumba ya watu. Anasema anataka kuona, na ikiwezekana aseme neno moja kwa baba yake. Moja tu.

Nikampigia kaka yake mkubwa, Okello, kwa sababu boma ni lake na siwezi kuingia na kamera kama mwizi. Mtu mkavu. Akasema sawa, nije nionyeshe, ana haki ya kuona. Lakini asiongee. Akanieleza: baba alianza kuugua, Aloo akaondoka bila kuaga mtu, hata mgonjwa. Mzee alimwulizia kila siku. Okello ndiye aliyekuwa anajibu. Kila siku alikuwa anabuni jibu. "Mimi nilimwogesha mpaka siku ya mwisho," akasema. "Yeye aje na sauti tu?"

Nikamshukuru, nikakata simu.

Nimemweleza Aloo ukweli. Akasema alijua kama angemuaga baba asingeondoka. Akasema basi, aone tu.

Gordon ameuliza kama abebe spika. Nimemwambia asibebe. Baadaye nimemwambia abebe.

Jumamosi, 5 Aprili, Ahero

Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki, karatasi magotini. Mvua imetusimamisha. Ilianza kaka wa pili wa marehemu akiwa anamaliza hotuba yake, ikaja ya nguvu yote, hawa watu wa hapa wanaijua kwa mafuriko. Waliangalia upande wa mashamba ya mpunga kwanza, kisha ndipo wakaangalia sanduku. Sanduku liko salama, limefunikwa chini ya tenti kubwa. Pasta amesema ikipungua tutaendelea na watoto wa marehemu.

Tenti yetu ndogo inavuja. Gordon ameenda kutafuta kipande cha plastiki. Viatu vyake vya suti vimekwama kwenye matope, nimemwona akivivuta kwa mikono, mmoja mmoja, na kuvisema.

Simu iko kwenye stendi mbele yangu. Aloo bado yuko. Amejifungia mahali penye taulo nyingi, amevaa sare ya kazi. Kila nikidhani amekata, naona anapangusa pua.

Kabla ya mvua, mwenye kuendesha shughuli alisoma majina ya watoto ili wajipange kuongea. Okello. Wakhisi, aliyelelewa hapa. Alipofika kwa Aloo akasimama, akamtazama Okello. Okello akatikisa kichwa, na msomaji akaruka jina. Aloo aliona. Niliona anaona. Aliniuliza polepole kama baba amevalishwa lile koti la kijivu. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri, anasikia baridi sana huyo.

Spika iko kwenye mfuko miguuni pangu. Waya uko humo humo.

Sijui nifanye nini. Bosi wa Nairobi hangeweza kuniuliza swali kama hili, wala samaki. Nimeahidi mwenye boma, na yeye hana makosa. Huyu wa kwenye simu naye sijui kama ana makosa au alikuwa na woga tu. Mimi ni mtu wa kamera. Nimeitwa kuonyesha.

Okello amekuja. Nilidhani anakuja kunikumbusha. Ameleta chai, moja, chini ya mwavuli wake, amenipa. Kisha akasimama hapo hapo kando ya stendi, ameipa simu mgongo, anatazama mvua. Akaniuliza, bila kugeuka, kama dada yake anakula vizuri huko.

Nikamwambia sijui, amwulize.

Hakumwuliza. Lakini hajaondoka pia. Maji yanaingia pale tenti inapovuja, na ule mwavuli alioshika ameusogeza juu ya simu. Bega lake lote linanyeshewa. Aloo ametulia, anatazama mgongo wa kaka yake, sioni hata kama anapumua.

Mvua inapungua. Wanapangusa viti. Pasta amesimama.

Mwavuli bado uko pale pale.